Nusu Iliyozidi kwa Kidole

Ijumaa, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yale mepesi yasiyomlowesha mtu ila yanamkera, na anga lilikuwa jeupe kama shuka ambalo halijatiwa rangi. Niliamka mapema nikaomba kama ninavyoomba kila siku, nimesimama miguu mitupu sakafuni, mkono mmoja juu ya cherehani. Sikumwomba Mungu nifaulu. Nilimwomba nisitetemeke. Nilijua nisipotetemeka, mengine yaliyobaki nimeyasomea.

Saa tatu asubuhi hiyo ilikuwa nifundishe somo moja la dakika arobaini katika darasa la pili, shule ya mtaani kwetu, mwalimu mkuu akiwa amekaa nyuma anatazama. Darasa lile lilikuwa na watoto thelathini na sita na mwalimu mmoja, na alihitajika msaidizi. Somo likienda vizuri, nafasi ingekuwa yangu. Likienda vibaya, kulikuwa na mtu mwingine ambaye barua yake ilikuwa mezani tayari, na mimi nina miaka hamsini na moja. Nafasi kama hii mtu wa umri wangu haiokoti njiani.

Wifi yangu alikuja na chai yake mkononi, akaegemea mlango. Tunashona pamoja katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, yeye kwenye cherehani ya dirishani na mimi kwenye ile ya ukutani, na tangu niolewe na kaka yake hajapata kunionea haya.

"Wifi, umeoga mara ngapi leo?"

"Mara moja."

"Basi maji yalikuwa mengi. Nimekusikia tangu niko usingizini."

"Ulikuwa unakoroma, huwezi kusikia kitu."

Alinikagua kuanzia kichwani hadi viatuni. Gauni langu la kijivu lilikuwa limepigwa pasi na mume wangu mwenyewe, kazi ambayo hakuifanya hata siku ya harusi ya binti yetu.

"Umependeza," akasema. "Ila ukiingia, wale watoto watasimama wote wakwambie shikamoo bibi."

"Nitaitikia marahaba, kisha nitawafundisha."

"Na utawafundisha nini?"

"Nusu na robo."

"Hayo tu? Hata mimi nayajua. Nusu ndogo ni ile unayonipa mimi tukigawana mkate, na nusu kubwa ni ile unayojiwekea."

"Hakuna nusu kubwa, wifi. Ikishakuwa kubwa si nusu tena."

"Kumbe," akasema, akanywa chai. "Basi miaka yote hii umekuwa unanidhulumu na ulikuwa unajua."

Nilicheka. Nilikuwa tayari, na moyo ulikuwa mahali pake.

Niliacha shule nikiwa darasa la tatu. Mama aliugua, wadogo zangu wakahitaji mtu wa kuwaangalia, na hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Ni ya kweli. Lakini kuna kweli nyingine, ndogo, imejificha nyuma yake. Wiki ileile mwalimu aliandika nusu na robo ubaoni kwa tarakimu, moja juu ya mbili, na moja juu ya nne, akauliza ipi ni kubwa. Nikanyoosha kidole nikasema robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko mbili. Darasa lote likacheka. Mwalimu naye akacheka, tena akaniita mbele nirudie ili waliokuwa nyuma wasikie vizuri. Nyumbani waliponiambia kesho nisiende shule, sikulia. Nilishukuru.

Baadaye nikajifunza ushonaji, na kwa miaka thelathini nikakata nusu na robo za nguo za kila namna, pasipo kujua kwamba hizo ndizo zilezile zilizonifukuza. Aliyenionyesha ni mwalimu wa jioni, msichana wa umri wa kifungua mimba wangu. Darasa letu la watu wazima hukutana mara tatu kwa wiki katika chumba hichohicho cha darasa la pili, magoti yetu yakigonga madawati kwa chini. Siku alipochora mraba ubaoni akaugawa, nilimwuliza, "Mwalimu, hiki si ni kipande cha mbele cha blauzi?" Akanijibu, "Ndicho, mama. Umekuwa ukikikata siku zote." Nilitembea kurudi nyumbani siku hiyo nikimshukuru Mungu njia nzima. Mikono yangu ilikuwa imejua, ila kichwa kilikuwa hakijaambiwa.

Kwa hiyo nilipoulizwa ningependa kufundisha somo gani la majaribio, sikufikiri mara mbili.

Vifaa nilivikata mwenyewe jana yake mchana. Tulikuwa na mabaki mazuri ya vitambaa vya shuka. Nilipanga watoto wakae makundi tisa, wanne wanne, na kila kundi lipate mraba mmoja wa buluu wa ukubwa wa rula moja kila upande, huo uwe kizima. Vipande viwili vyeupe, hizo ziwe nusu. Na vinne vya manjano, hizo ziwe robo. Nilikata huku nikipiga soga na wifi kuhusu mteja wetu mmoja ambaye kila mwezi ananenepa na anataka gauni lilelile. Sikutoka jasho. Kukata ni kazi ambayo mkono wangu unaijua njia yake, kama punda anayerudi nyumbani.

Nilifika shuleni na robo saa ya ziada. Mwalimu wa jioni alikuwa ananingoja kwenye ngazi. Aliomba ruhusa kazini kwake aje kunitazama. Alinishika mkono.

"Mama, umelala?"

"Nimelala kama mtoto."

"Mimi sikulala," akasema. Ndipo nilipogundua kwamba katika mkoba wangu mlikuwa na mfuko wa buluu na mfuko wa vyeupe, lakini ule wa manjano haumo. Robo zangu zilikuwa zimebaki nyumbani juu ya kiti.

"Turudi tukachukue?" akauliza, amebadilika uso.

"Hapana. Zitafika." Nilimjua wifi yangu. Angeuona mfuko ule kabla chai haijapoa.

Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya chaki na sweta zenye unyevu. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika na mahali pake pamebandikwa katoni ya sabuni. Watoto walisimama. Hakuna aliyeniita bibi. Walisema shikamoo mwalimu, wote kwa mkupuo, na neno hilo likaniingia mpaka kwenye kisigino. Nyuma kabisa, kwenye benchi la watoto, alikaa mwalimu mkuu, daftari juu ya goti. Mtaani tunamwita Kengele, kwa sababu watu hurekebisha saa zao wakimwona akipita. Wifi husema Kengele alicheka mara moja tu, tena utotoni.

Niligawa vitambaa vya buluu.

"Hiki kinaitwa kizima. Hakijakatwa, hakijapungua. Kinaitwaje?"

"Kizima!"

Nikagawa vyeupe. "Kitu kizima kikigawanywa mara mbili, kila upande unaitwa nusu. Hizi ni nusu mbili. Zipangeni juu ya kizima chenu, ubavu kwa ubavu, muone kama zitakifunika chote."

Vichwa viliinama. Nilingoja ile furaha niliyoizoea kwenye meza ya kukatia, wakati vipande viwili vinapokutana na kukaa kimya. Badala yake nikasikia minong'ono. Kisha kidole kikapanda kutoka dawati la mbele. Kilikuwa cha binti mdogo mwenye pengo la meno mawili, ambaye wenzake na walimu wote humwita Wakili.

"Mwalimu, zimezidi."

"Zimezidi vipi?"

"Zinatoka nje. Tumezipanga vizuri, lakini zinatoka nje."

Nikaenda kwenye dawati lake. Vipande vyeupe vilikuwa vimepangwa sawasawa kuliko ambavyo ningepanga mimi, na vilikuwa vimechomoza nje ya kile cha buluu, kidole kimoja upande huu na kidole kimoja upande ule. Nikatazama kundi la pili. Vilevile. La tatu, vilevile.

Nilijua palepale nilichokifanya. Fundi wa nguo hakati nusu. Fundi hukata nusu na kidole. Popote kipande kitakapoungana na kingine, anaacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono, maana uzi hauwezi kushika ukingoni kabisa, na nguo ikishashonwa kile kidole kinamezwa ndani na hakuna anayekiona. Siku yangu ya kwanza kazini, bibi aliyenifundisha alinipiga mkononi kwa futi kwa sababu ya kukisahau kidole hicho. Sikukisahau tena kwa miaka thelathini. Na jana, nikicheka na wifi, mkono wangu ulikiongeza kwenye kila nusu na kila robo bila kuniuliza. Mazoea yana taabu.

Nilisimama kati ya madawati, watoto thelathini na sita wakinitazama. Njia ya mkato niliiona. Ningeweza kusema: sogezeni, kimoja kikae kidogo juu ya mwenzake. Vingelala palepale ndani ya buluu, Kengele alikuwa mbali, na somo lingeendelea. Watoto wangejifunza kwamba nusu ni kitu cha kusukumasukuma mpaka kikae.

Nikasema moyoni, Mungu wangu, ulimi huu ni wako. Kisha nikarudi mbele.

"Wakili amesema kweli," nikasema. "Hizi nilizowapa si nusu. Mwalimu amekosea."

Vichwa vyote viliinuka. Nadhani walikuwa hawajapata kusikia sentensi hiyo. Kule nyuma kalamu ya mwalimu mkuu ilitembea.

"Sasa tutapewa nyingine?" akauliza Wakili.

"Hatuna nyingine. Tutazitengeneza hizihizi. Nani ataniambia zina kosa gani?"

"Ni kubwa," akasema mmoja.

"Kubwa kuliko nini?"

Wakatazamana. Nikachukua kitambaa cha buluu nikakiinua juu.

"Huyu kizima hajakosea. Ndani yake zimo nusu mbili za kweli. Nataka mnitolee nusu moja bila mkasi, bila rula, bila wembe. Nani anaweza?"

Kundi lililo karibu na katoni ya sabuni ndilo lililoanza. Walikunja. Ukingo kwa ukingo, pembe kwa pembe, na binti mmoja akapitisha kucha kwenye kunjo kama mtu aliyezaliwa cherehanini. Wenzao wakaona, wakaiga, na chumba kizima kikawa kinakunja.

"Pembe zimekutana?"

"Zimekutanaaa."

"Upande mmoja umemzidi mwenzake?"

"Hapanaaa."

"Basi hiyo ndiyo nusu. Nusu si kipande chochote tu. Ni pande mbili ambazo hakuna unaoweza kumlalamikia mwenzake. Sasa wekeni juu yake kile kipande cheupe, tuone uongo wangu uko wapi."

Wakaweka. Utepe mweupe ukachomoza kwenye kila dawati, upana wa kidole changu, au vidole viwili vya kwao.

"Hicho kijiutepe ni cha cherehani," nikawaambia. "Mimi ni fundi wa nguo. Nikikata, huacha kidole kimoja kwa ajili ya mshono. Hapa hakuna mshono, kwa hiyo kidole hicho hakina kazi. Kikunjeni kwa ndani, mpige ukucha."

Walipiga ukucha kwa bidii ambayo wifi yangu hajapata kuionyesha. Walipopanga tena vyeupe viwili juu ya buluu, vililala. Hakuna kilichochomoza. Mvulana mmoja alivipapasa kwa kiganja, akaviacha, kisha akavipapasa tena.

Wakati huo mlango uligongwa, na kabla mtu hajaitikia wifi akaingiza kichwa, khanga begani na matone ya manyunyu kwenye nywele.

"Samahanini. Mwalimu wenu ameacha robo zake kwenye kiti, nusura nizikalie."

Watoto wakacheka. Nikapokea mfuko, nikamwashiria aende. Hakwenda. Alijisogeza pembeni ya mlango, karibu na mwalimu wa jioni aliyekuwa amesimama pale tangu mwanzo, akakunja mikono.

Niliushika mfuko wa manjano nikajua kilichomo. Lakini sasa sikuwa na hofu nao.

"Hizi ni robo," nikasema. "Kizima kikigawanywa sawa mara nne, kila kipande ni robo. Nilizikata jana, kwenye meza ileile, kwa mkono uleule. Mnadhani ziko sawa?"

"Hapanaaa!" Walifurahi mno kulisema.

"Zimezidi wapi?"

Safari hii sikuwaambia kitu. Walikunja ile buluu mara ya pili, wakaweka robo ya manjano juu yake, na Wakili ndiye aliyegundua kwamba robo imezidi pande mbili, si upande mmoja.

"Kwa nini pande mbili?" nikamwuliza.

Akafikiri, ulimi ukichungulia kwenye pengo. "Kwa sababu robo ina majirani wawili. Nusu ina jirani mmoja tu."

Nimesoma jioni kwa miaka minne na sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Nilimtazama mwalimu wa jioni. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Robo zilipokwisha kukunjwa na kulala mahali pake, nikaandika ubaoni. Moja juu ya mbili. Moja juu ya nne. Nikaeleza kwamba namba ya chini inatuambia kizima kimegawanywa mara ngapi, na ya juu tumechukua vipande vingapi. Kisha nikauliza swali ambalo nililibeba kwa miaka arobaini na miwili.

"Ipi kubwa?"

Kidole kimoja kilipanda polepole katika safu ya tatu. Kilikuwa cha mtoto wa mwisho wa muuza mkaa wa mtaani kwetu. Kila mtu anamwita Kitinda. Ni mtoto anayeongea kana kwamba maneno yana bei.

"Hiyo ya nne," akasema. "Nne ni nyingi."

Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka wote, na nikaona kidole cha Kitinda kikishuka, kisha kichwa, kisha mabega. Niliujua ule mshuko hatua kwa hatua.

"Subirini," nikasema. Sikupandisha sauti. "Mimi nilijibu hivyohivyo. Nilikuwa darasa la tatu, mkubwa kuliko nyinyi. Nilisema robo ni kubwa kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili."

Waliokuwa bado wanacheka wakageuka kunitazama.

"Kumbe ulikosea hata zamani?" akauliza Wakili.

"Hata zamani. Nina uzoefu."

Mlangoni wifi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Ndani ya mkoba nilikuwa nimeifunga mifuko yangu kwa shuka la kitanda kimoja. Nikalikunjua. "Kitinda, njoo. Njoo na rafiki yako mmoja." Wakaja, nikawakalisha sakafuni mbele ya ubao, nikawafunika. "Ni usiku, kuna baridi. Shuka moja, watu wawili. Kila mtu ana nusu. Mmefunikwa?"

"Ndiyo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka miguu," akasema rafiki yake.

"Wageni wameingia. Waongezeke wawili." Wakaja wawili mbio, wakajisukuma ndani. Shuka likavutwa huku na huku. "Sasa mko wangapi?"

"Wanne!"

"Kila mtu ana nini?"

"Robo!" likajibu darasa.

"Kitinda, umefunikwa mpaka wapi?"

Sauti ilitoka chini ya shuka. "Sikio. Na goti moja."

Safari hii walicheka, na Kitinda alicheka pamoja nao. Nikangoja wamalize. "Haya. Ulipata shuka kubwa mkiwa wawili au mkiwa wanne?"

"Wawili."

"Ile nne ya chini inakwambia nini?"

Alifikiri, kichwa peke yake kikiwa nje. "Inaniambia tumelala wengi."

"Basi," nikasema.

Nilikwisha kusikia benchi likilia kule nyuma. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama, anakuja mbele, urefu wake wote. Alichukua chaki mkononi mwangu, akaandika kando ya zile zangu mbili: moja juu ya nane. Hatukuwa tumeifundisha hiyo.

"Mama fundi usiwasaidie," akasema. Akageukia watoto. "Robo, na hii. Ipi kubwa? Sitaki kelele. Nataka mtu anionyeshe."

Wakili alikuwa amekwisha nyanyuka, lakini Kengele alimpita kwa macho akamnyooshea kidole Kitinda, ambaye alikuwa bado sakafuni na shuka kiunoni.

Sikuomba kwa maneno. Nilishika tu ukingo wa meza, kama ninavyoshika cherehani asubuhi.

Kitinda alikwenda kwenye dawati lake. Akachukua robo ya manjano, akaitazama, akaikunja katikati, pembe kwa pembe, akapiga ukucha. Akainyanyua pamoja na robo nyingine isiyokunjwa, moja kila mkono, kama mtu anayepima nyama.

"Hii ni kubwa," akasema akiinua robo. "Hii nyingine wamelala wanane. Huyu amefunikwa kidole tu."

Mwalimu mkuu alikipima kile kipande kilichokunjwa kwa kidole, akamrudishia mtoto. Kisha akarudisha chaki mkononi mwangu.

"Kaeni chini," akawaambia watoto. Kwangu akasema, kwa sauti ileile ya kutangaza ratiba, "Nusu zako niliona zimezidi tangu ulipogawa ya kwanza. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Nilikwisha andika hapa: vifaa vina kasoro. Nikaacha mstari mmoja wazi chini yake, nione utasema nini."

"Na umeandika nini, mwalimu mkuu?"

"Nimeandika: aliwaambia." Akafunga daftari. "Kasoro inabaki kuwa kasoro, mama. Kipimo kabla ya kuja darasani ni sehemu ya kazi."

"Ni kweli. Sina la kujitetea."

"Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Si saa moja na dakika thelathini na mbili."

Mwalimu wa jioni alianza kulia bila kujificha. Wifi alimpa ncha ya khanga yake ajipanguse, kisha akasema kwa sauti ambayo yeye huamini ni ya kunong'ona, "Na cherehani ya ukutani nani ataikalia?"

"Mimi, kila siku baada ya saa nane," nikamjibu. "Na wewe utajifunza kuamka mapema."

"Naona ualimu umeanza," akasema wifi.

Nilidhani yameisha. Nikaanza kukunja shuka. Lakini mwalimu mkuu hakuondoka.

"Hapa kwetu kuna utaratibu," akasema. "Mwalimu mpya haniahidi mimi ofisini. Mimi ni mtu mzima, ninaweza kusahau. Anawaahidi watoto, kwa sauti, nao wanamshika."

"Sisi hatusahau," akasema Wakili.

Mvua ndogo ilikuwa imekoma. Nje ya dirisha lenye katoni mtu alikuwa anafagia maji uani. Nilitazama vitambaa vya manjano na vyeupe kwenye madawati tisa, kila kimoja kimekunjwa kidole kimoja ndani. Nilimtazama Kitinda, ambaye bado alikuwa ameshika ile robo aliyoikunja, hataki kuiweka chini. Sikutetemeka. Lile nililoliomba alfajiri lilikuwa limejibiwa saa nyingi, ila sikuwa nimepata nafasi ya kuliona.

Niliweka shuka mezani, nikasimama mbele yao wote.

"Watoto, mbele yenu, na mbele ya mwalimu mkuu, na mwalimu wangu, na wifi yangu pale mlangoni, na Mungu ananisikia, naahidi hivi. Kila nitakachowaletea nitakipima kwanza. Nikikosea, nitasema nimekosea, tena nitajitahidi niseme kabla Wakili hajanikamata. Na katika darasa hili, maadamu nimo mimi, hakuna mtoto atakayechekwa kwa jibu lake. Akikosea, nitakaa naye, tutakunja na kukunjua mpaka alione kwa macho yake mwenyewe."